Watahiniwa wa vyeti vya mitandao wafundishwe na mtihani wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mitihani ya vyeti vya teknolojia, hasa ule wa CCNA wa kampuni ya Cisco, ambao kwa wengi ndio mlango wa kuingilia kazi ya mitandao ya kompyuta. Watahiniwa wake hupewa ushauri wa aina moja: usiogope, jiamini, soma kwa bidii. Ushauri huo hauna ubaya, ila haumsaidii mtu aliyekwisha kaa mbele ya skrini huku saa ikihesabu kurudi nyuma kutoka dakika 120. Hofu ile ina sababu zinazojulikana, na nyingi kati ya hizo huweza kuondolewa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Watu wenye ujuzi wa kutosha hufeli kwa kuwa walizisoma mada bila kuusoma mtihani. Hawakujua muda unavyokwenda, hawakujua kwamba swali likishapita halirudi, na hawakuwahi kutafuta hitilafu ya mtandao huku saa ikiwatazama.

Nianze na waraka ambao wengi huupita mbio, yaani orodha rasmi ya mada ambayo Cisco huitoa bure kwa mtihani nambari 200-301. Una sehemu 6, na kila sehemu imeandikiwa uzito wake: misingi ya mitandao asilimia 20, ufikiaji wa mtandao 20, upitishaji wa IP 25, huduma za IP 10, misingi ya usalama 15, na otomatiki pamoja na uprogramu wa mitandao 10. Sehemu tatu za kwanza peke yake ni asilimia 65. Mtu anayetumia mwezi mzima kukariri kona zote za usalama huku ruta zake (vifaa vya kuelekeza pakiti za data) hazijawahi kuelewana kwa OSPF, itifaki ambayo kwayo ruta huambizana njia, amepanga muda wake kinyume. Kosa la pili ni kuiacha kabisa sehemu ya otomatiki kwa kuwa inatisha. Asilimia 10 hizo ni za bei rahisi, kwa sababu mtahiniwa haombwi kuandika programu. Anatakiwa ajue kusoma data iliyopangwa kwa JSON (mtindo wa kuandika data kwa majina na thamani zake), aelewe vitendo vya REST (njia ya programu kuombana data kupitia wavuti), na atofautishe mtandao unaoongozwa na kidhibiti kimoja na ule wa kawaida. Siku nne za utulivu zinatosha kwa hilo.

Katika waraka huo huo, tazama vitenzi. Mstari unaosema "configure and verify" unamaanisha mikono itatakiwa: utasanidi kifaa, au utaonyeshwa matokeo ya amri uulizwe kilichoharibika. Mstari unaosema "describe" unadai uelewa wa kutofautisha tu. OSPF ya eneo moja iko kwenye kundi la kwanza. Itifaki za kurithishana lango la mtandao, ambazo hufanya ruta ya pili ishike kazi ya kwanza ikizimika, ziko kundi la pili. Kuna watu hutumia juma zima kusanidi kile ambacho mtihani unataka wakieleze, kisha wakafika kwenye swali la OSPF wakibahatisha. Ninachoshauri ni kuuchapisha waraka wote na kuweka alama moja kati ya tatu kwenye kila mstari: naweza kufanya bila kutazama popote, naweza kumweleza mwenzangu, nalitambua jina tu. Alama zirudiwe kila wiki. Mtu akiona mistari ya alama ya tatu inapungua kutoka 30 hadi 6, ana sababu ya kweli ya kutulia, tena iliyo kwenye karatasi.

Sasa nije kwenye kugawa anwani za IP (namba za kutambulisha vifaa mtandaoni) katika sabneti, yaani vipande vidogo vya mtandao, mahali ambapo dakika nyingi hupotea. Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua 192.168.10.77/27, ambapo 27 ni idadi ya biti za mtandao. Maski yake, yaani namba inayotenga sehemu ya mtandao na ya kifaa, ni 255.255.255.224. Toa 224 kwenye 256, unapata 32, na hiyo ndiyo hatua kutoka sabneti moja hadi nyingine: 0, 32, 64, 96. Nambari 77 iko kati ya 64 na 96, kwa hiyo anwani ya mtandao ni 192.168.10.64, anwani ya matangazo kwa wote ni 192.168.10.95, na vifaa vinapata kuanzia .65 hadi .94, jumla 30. Chukua nyingine, 172.16.45.200/20. Maski ni 255.255.240.0, na 256 ukitoa 240 hubaki 16, ila safari hii hatua hiyo inahesabiwa kwenye sehemu ya tatu ya anwani. Nambari 45 iko kati ya 32 na 48, basi mtandao ni 172.16.32.0, matangazo ni 172.16.47.255, na nafasi za vifaa ni 4,094. Kosa linalojirudia ni kuipeleka hatua ya 16 kwenye sehemu ya nne kwa mazoea ya mfano wa kwanza. Mtu hupata jibu linalofanana na mojawapo ya machaguo, kwa sababu watunzi wa maswali wanalijua kosa hilo na wameliwekea chaguo lake.

Kuielewa hesabu hiyo hakutoshi. Ni lazima ifanyike bila kufikiri, chini ya sekunde 30. Akili iliyobanwa na wasiwasi hupungukiwa nafasi ya kushika mambo kadhaa kwa pamoja, na kinachosalimika ni kile ambacho mkono umeshazoea. Anwani 20 kila asubuhi kwa wiki tatu zinatosha: wiki ya kwanza bila saa, ya pili kwa saa, ya tatu bila kuandika chochote. Hiyo ya tatu ina sababu yake. Kwenye kituo cha mtihani hupewa ubao mdogo wa kufutika na kalamu. Anayefanyia mtihani nyumbani hutarajiwa kutumia ubao wa kwenye skrini, na kuchora nambari kwa kipanya ni kazi ya kuchosha sana. Kwa wenye ubao wa mkononi, mtihani ukishaanza andikeni mistari miwili: thamani za biti, 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1, na chini yake namba za maski, 128, 192, 224, 240, 248, 252, 254, 255. Msiandike kabla ya kuanza, kwa sababu msimamizi anaweza kuufuta ubao au kulihesabu kuwa kosa.

Baada ya hapo ni vifaa. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, hupatikana bila malipo kwa kujisajili katika mafunzo yao, na kwa kiwango cha CCNA inatosha. Jenga mtandao mmoja wa ruta 2, swichi 3 na kompyuta 4. Weka VLAN (mitandao midogo iliyotengwa ndani ya swichi) 10, 20 na 30, tranki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi) kati ya swichi, OSPF eneo 0 kati ya ruta, DHCP (ugawaji wa anwani wenyewe kwa wenyewe), NAT (ubadilishaji wa anwani za ndani kuwa za nje), orodha moja ya kudhibiti upitishaji, na SSH ya kuingilia kwa mbali. Ukimaliza, futa vyote uanze upya. Mara ya kwanza huchukua saa tatu au nne na kutazama maelezo mara nyingi. Endelea mpaka uumalize kwa dakika 45 bila kutazama popote. Kurudia mtandao ule ule kunachosha, lakini ndiko kunakowapa vidole kumbukumbu.

Mtandao ukifanya kazi, uharibu. Zoezi hili halipewi uzito unaostahili kwenye madarasa mengi, nami naliona ndilo lenye faida kuliko yote, maana mtihani hauulizi sana jinsi mtandao mzima unavyofanya kazi. Unaonyesha uliokwama na kuuliza kwa nini. Mwambie mwenzako aharibu vitu vitatu ukiwa nje ya chumba, kisha uingie utafute kwa mpangilio wa amri hizi: show ip interface brief, show interfaces trunk, show ip ospf neighbor, show ip route. Anayeruka mpangilio huu huanza kubadilisha mipangilio kwa kubahatisha, na kosa moja huzaa mawili.

Hitilafu zenyewe si nyingi, na zinajirudia. Kiolesura cha ruta huja kikiwa kimezimwa, kwa hiyo asiyeandika no shutdown ataona "administratively down" na huenda akahangaika na anwani ambazo hazina kosa. Kwenye tranki, amri ya switchport trunk allowed vlan 30 haiongezi VLAN 30 kwenye orodha. Inaifuta orodha nzima na kuacha 30 peke yake, na VLAN 10 na 20 zinakufa papo hapo. Neno la kuokoa ni add kabla ya nambari. Makosa ya namna hii hutokea hata kazini, kwenye mitandao yenye watu, basi anayejifunza kwa ajili ya mtihani anajifunza pia jambo la kumlinda mwajiri wake. Kwenye OSPF, majirani (ruta zinazopakana) hawapatani kama muda wa salamu ni sekunde 10 upande mmoja na 5 upande mwingine, kama maeneo yanatofautiana, au kama maski zao hazilingani. Wakionana halafu wakanasa kwenye hali ya EXSTART (mwanzo wa kubadilishana habari), tazama MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) za pande mbili kabla ya kitu kingine. Orodha za kudhibiti upitishaji husomwa kutoka juu kwenda chini na husimama kwenye mstari wa kwanza unaolingana, na mwisho wake una katazo la wote lisiloonekana. Mtu huandika mstari mmoja wa kukataa, akasahau kuruhusu wengine, na mtandao mzima ukanyamaza. SSH nayo hudai jina la kifaa, jina la kikoa, jozi ya funguo za usimbaji za RSA zisizopungua biti 768 kwa toleo la 2, mtumiaji mwenye nywila, kisha login local na transport input ssh kwenye laini za vty (njia za kuingilia kifaa kwa mbali). Kimoja kikikosekana, mlango haufunguki.

Niseme pia juu ya jedwali la njia, kwa sababu linawaangusha hata wenye uzoefu. Wengi hukariri kipimo cha kuaminika kwa chanzo cha njia: iliyounganishwa moja kwa moja 0, iliyoandikwa kwa mkono 1, na zile za itifaki, EIGRP 90, OSPF 110, RIP 120, na namba ndogo hushinda. Kisha wanapewa jedwali lenye 10.1.0.0/16 iliyoandikwa kwa mkono na 10.1.1.0/24 iliyoletwa na OSPF, wanaulizwa pakiti ya kwenda 10.1.1.9 itapita wapi, nao wanajibu ya mkono kwa kuwa 1 ni ndogo kuliko 110. Jibu ni ile ya OSPF. Ruta hutafuta kwanza prifiksi (sehemu ya mtandao, inayopimwa kwa namba baada ya mkwaju) ndefu zaidi inayolingana na anwani. Kipimo kile hutumika pale tu vyanzo viwili vinapoleta mtandao ule ule wenye urefu ule ule, kuamua upi uingie kwenye jedwali.

Kuhusu mitihani ya majaribio, ifanyike, ila kwa makusudi. Utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kujipima hukaza kumbukumbu ya muda mrefu kuliko kusoma tena kurasa zile zile. Faida hiyo hupotea mtu anaporudia maswali yale yale 100 mpaka anapata yote, kwa sababu hapo anapima kumbukumbu yake ya maswali. Alama ya kuaminika ni ile ya mara ya kwanza, kwenye maswali mapya, kwa muda kamili, bila kusimama. Anayepata asilimia 85 kwa masharti hayo mara mbili mfululizo yuko tayari kupanga tarehe. Na kila jibu lililokosewa liandikwe kwenye daftari kwa sentensi mbili: kwa nini sahihi ni sahihi, na nini kilinivuta kwenye nililochagua. Sentensi ya pili ndiyo yenye dhahabu. Baada ya kurasa 10 mtu hugundua kwamba makosa yake yana ukoo mmoja: pengine hasomi neno la mwisho la swali, pengine huchanganya maski na kinyume chake.

Kuna wanaotafuta njia ya mkato kwenye mafaili ya maswali yaliyoibwa, ambayo vijana huyaita dampu. Mbali na kuwa ni udanganyifu, yana majibu mengi yenye makosa, na kabla ya swali la kwanza kila mtahiniwa hukubali masharti ya usiri yanayoipa kampuni haki ya kufuta matokeo, kunyang'anya cheti na kumzuia mtu asifanye tena. Kwa upande wa hofu yana madhara mengine pia: aliyekariri majibu huingia chumbani akiomba maswali yasibadilike, na hilo likishindikana kwenye swali la tatu hana pa kushika.

Saa ihesabiwe tangu mwanzo. Mtihani wa CCNA hauruhusu kurudi nyuma. Ukibonyeza kuendelea, swali limekwisha. Skrini huonyesha idadi ya maswali. Tuseme ni 90, na 3 kati yake ni ya kusanidi vifaa. Yape hayo matatu dakika 10 kila moja, ni dakika 30. Zilizobaki 90 zigawe kwa maswali 87, ni dakika moja na sekunde chache kwa kila moja. Kwa hiyo swali la sabneti linalomalizwa kwa sekunde 30 linakukopesha nusu dakika ya kulipia swali refu lenye mchoro. Weka mpaka: likifika dakika mbili na nusu bila mwanga, ondoa machaguo yasiyowezekana, chagua, uende. Jibu lisilojazwa halina nafasi ya kupata alama. Kwenye maswali ya kusanidi, soma kazi zote kabla ya kugusa kifaa, maana kazi ya nne mara nyingi hueleza jambo la ile ya kwanza. Ukimaliza, hifadhi kwa copy running-config startup-config pale maelekezo yanapotaka hivyo. Kazi nzuri isiyohifadhiwa ni ya bure.

Mitihani mingine ina tabia nyingine, na mtahiniwa asihamishe mbinu kwa upofu. Security+ ya CompTIA, cheti cha usalama wa kompyuta, toleo la SY0-701, ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na inaruhusu kuweka alama na kurudi. Maswali yake ya vitendo kwa kawaida hutangulia, na ni busara kuyaruka, kujibu ya kuchagua, kisha kuyarudia zikiwa zimebaki dakika 25 hivi. Ule wa usanifu wa AWS (huduma za kompyuta za wingu za Amazon), SAA-C03, una maswali 65 kwa dakika 130, na 15 kati ya hayo hayahesabiwi. Yamewekwa kujaribiwa, na hayajatiwa alama ya kuyatambua. Habari hiyo peke yake inatuliza, kwani ukikutana na swali geni kabisa huenda halina uzito wowote. Kwenye mitihani inayoruhusu kurudi, usifungwe na imani kwamba jibu la kwanza ndilo sahihi. Kruger na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, walikuta kwamba karibu nusu ya majibu yaliyobadilishwa yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi, na robo tu yalikwenda kinyume. Ukiwa na sababu ya kubadilisha, badilisha.

Alama nazo zieleweke. Pasi ya Security+ ni 750 kwenye kipimo cha 100 hadi 900, ya SAA-C03 ni 720 kwenye kipimo cha 100 hadi 1000, ya mitihani ya Microsoft ni 700 kwenye 1000. Hizo si asilimia. Ni alama zilizopimwa upya ili matoleo magumu na mepesi yalingane, kwa hiyo hakuna faida ya kuhesabu umekosa mangapi ukiwa katikati. Cisco haitangazi alama ya kufaulu CCNA hata kidogo. Aliye kwenye kiti ashughulike na swali lililo mbele yake.

Kwa wasomaji wa gazeti hili, lugha ni mzigo wa ziada. Kiingereza cha maswali haya ni chepesi kwa msamiati lakini kizito kwa maneno madogo. Neno "not" lililojificha katikati, "first" linalouliza hatua ya mwanzo wakati hatua zote nne ni sahihi, "least" na "best" yanayolinganisha mambo ambayo yote yanawezekana. Zoea kusoma mstari wa mwisho wa swali kwanza, ambao ndio unaouliza, kisha urudi juu kwenye maelezo ukijua unachokitafuta. Wapo pia wasiojua kwamba AWS huwapa dakika 30 za nyongeza watahiniwa wanaofanya mtihani kwa Kiingereza ilhali si lugha yao ya kwanza. Ombi hutumwa kwenye akaunti ya mtahiniwa kabla ya kupanga tarehe. Likiombwa baada ya kupanga, haliingii kwenye mtihani uliokwisha pangwa. Haki hii haina aibu yoyote. Kila mtahiniwa aulizie masharti ya mtoaji wa cheti chake kabla ya kulipa.

Siku ya mtihani, mambo yanayovuruga watu si ya mitandao. Jina lililo kwenye usajili lilingane na lililo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Wenye majina matatu waliosajili mawili walirekebishe hilo wiki moja kabla. Anayefanyia nyumbani aanze taratibu za kuingia dakika 30 kabla, awe na meza tupu, skrini moja, simu mbali na mkono, na mlango uliofungwa. Kompyuta ya ofisini ni hatari, kwa kuwa ukuta wa moto na VPN ya kampuni huweza kuizuia programu ya usimamizi, na mtumiaji mara nyingi hana ruhusa ya kuvizima. Jaribio la mfumo lifanyike kwenye kompyuta ile ile, intaneti ile ile, na saa ile ile ya siku. Wenye mazoea ya kusoma kwa kunong'ona wayaache mapema, maana kuchezesha midomo au kuondoa uso mbele ya kamera huleta onyo na kunaweza kusimamisha mtihani. Kama umeme au intaneti haviaminiki, kituo ni bora kuliko nyumbani, hata kama ni mbali. Mtihani wenyewe unatosha kuwa mzigo.

Usiku wa kuamkia, kusoma kukome mapema. Usingizi ndio unaopanga yaliyosomwa, na saa tatu za kukesha hazilipi saa mbili za akili nzito. Asubuhi fanya anwani tano za sabneti kuamsha vidole, basi. Utafiti wa Ramirez na Beilock wa mwaka 2011 ulidai kwamba kuandika wasiwasi wako kwa dakika 10 kabla ya mtihani huinua alama. Waliourudia baadaye hawakupata matokeo yale, kwa hiyo siusukumi, ingawa anayeona kunamtuliza asizuiwe. Kinachosaidia zaidi ni kujua la kufanya hofu ikipanda katikati: ondoa mkono kwenye kipanya, toa pumzi polepole kwa hesabu ya 6, vuta kwa hesabu ya 4, mara tano, kisha lisome swali upya kutoka mwanzo. Hugharimu chini ya dakika moja, na dakika hiyo tayari unayo kutokana na sabneti.

Anayefeli CCNA huyapata matokeo papo hapo au muda mfupi baadaye, pamoja na asilimia za kila sehemu. Zikusanye na waraka ule wa mada na daftari la makosa, viwekwe pamoja mezani siku hiyo hiyo. Andika mada zilizokusumbua, si maswali yenyewe, kwa kuwa usiri uliokubaliwa haujaisha. Cisco hudai kusubiri siku 5 kabla ya kurudia CCNA, AWS siku 14, Microsoft saa 24 kwa mara ya pili na siku 14 kwa zinazofuata. Muda bora ni wiki tatu hadi nne: unatosha kuziba sehemu mbili dhaifu, na haujawa mrefu kiasi cha kuanza kusahau zilizo imara. Anayesema nitarudia mwakani hulazimika kuanza karibu upya.

Ombi langu kwa wakufunzi ni moja. Kuanzia nusu ya pili ya kozi, kila wiki iwe na saa moja ya mtandao ulioharibiwa na saa ya ukutani inayohesabu, bila kurudi nyuma na bila kuuliza jirani. Kwa waajiri ninayo mawili. Swichi za zamani zilizorundikwa stoo ziwashwe na wafanyakazi waruhusiwe kuzifanyia mazoezi saa mbili kwa wiki. Na tarehe ya mtihani wa mfanyakazi isitangazwe ofisini, wala asipangwe zamu ya usiku kuamkia siku hiyo.

Wako,

Mkufunzi wa mitandao ya kompyuta